Je, Wajua? Riwaya ya Sura 13 Isiyo na Mhusika Mkuu

Je, wajua kwamba riwaya ya Jennifer Egan wa Marekani, A Visit from the Goon Squad, ina sura 13 na hakuna sura mbili zinazomfuata mtu mmoja? Ilichapishwa mwaka 2010, ikatwaa tuzo ya Pulitzer mwaka 2011. Ukiuliza mhusika mkuu ni nani, mmoja atakwambia Sasha, mwingine Bennie, na wa tatu atakwambia ni wakati wenyewe. Huyo wa tatu ana hoja, maana jambazi anayetajwa kwenye jina la kitabu ni wakati. Anamfikia kila mtu, na kila anayefikiwa hutoka na jeraha.

Je, wajua kwamba Egan alijiwekea masharti matatu alipoiandika? Kila sura iwe ya mtu mwingine, iwe na hali na sauti tofauti na zilizotangulia, na iweze kusimama peke yake. La kwanza na la tatu ni rahisi kutimiza. La pili ndilo linalomtoa mwandishi jasho.

Kitabu kimegawanywa sehemu A na sehemu B, kama santuri ya zamani yenye pande mbili. Upande A una sura sita, upande B saba. Hakuna ajabu hapo, kwa kuwa wahusika wengi wanakula kwa muziki: watayarishaji, wapiga magitaa, watangazaji wa bendi, na wanaowafukuzia.

Kwa wanafunzi wa fasihi wanaohangaika na swali la nafsi ya usimulizi, riwaya hii ni darasa zima. Sura tano ziko katika nafsi ya kwanza, kila moja na msimulizi wake: Rhea, Jocelyn, Scotty, Jules na mtoto aitwaye Alison. Saba ziko katika nafsi ya tatu. Moja tu, ya kijana Rob, iko katika nafsi ya pili umoja: „wewe“ unaamka, „wewe“ unapenda, „wewe“ unaingia mtoni. Rob ni kijana asiyejihisi yuko ndani ya mwili wake, na nafsi ya pili inamweka hapohapo, nje kidogo ya ngozi yake. Anazama katika East River, New York, na baada ya hapo sura haina pa kwenda.

Je, wajua kwamba hadithi inaanzia 1973 na kufika miaka ya 2020, lakini haikupangwa kwa mfuatano huo? Sura ya mwaka 1973 ni ya nne. Ile ya 1979 imetangulia, ni ya tatu. Sasha tunayekutana naye katika sura ya kwanza ni mtu mzima mwenye daktari wa nafsi, na inabidi tufike sura ya 11 ndipo tumwone akiwa msichana aliyetoroka kwao na kujificha Naples, Italia. Wapo wanaopanga upya sura zote kwa miaka na kuzisoma hivyo. Wasiwasi wangu ni kwamba ukifanya hivyo unabaki na habari za watu na unapoteza kitabu. Mwandishi anataka kwanza tuyaone matokeo, ndipo tukutane na sababu tukiwa tayari tunajua itakuwaje.

Sasa shika kalamu, tuchore mtandao mdogo. San Francisco, 1979, vijana wa bendi ya panki. Rhea anampenda Bennie. Bennie anampenda Alice. Alice anampenda Scotty. Scotty anampenda Jocelyn. Jocelyn yuko na Lou, mtayarishaji wa muziki mwenye umri wa baba yake. Mishale mitano yote inaelekea upande mmoja, hakuna hata mmoja unaorudi. Na tazama: Rhea, ambaye hakuna mshale unaomwelekea, ndiye aliyepewa kazi ya kusimulia.

Je, wajua kwamba sura ya nne inafanyika Kenya?

Huyo Lou, miaka sita kabla, amekuja safari na watoto wake wawili, Charlie na Rolph, pamoja na Mindy, mpenzi wake mpya ambaye anasomea shahada ya uzamivu ya anthropolojia huko Berkeley. Wanatembezwa mbugani, wanaota moto usiku, morani wa Kisamburu wanakuja kuwachezea ngoma, na mwishoni wanashukia pwani, Mombasa. Katikati ya ziara, mpiga gitaa la besi aitwaye Chronos anashuka garini ili aone simba kwa karibu, kwa kuwa watalii wameshindana nani ataona wanyama wengi. Simba jike anamrukia. Dereva, Mwingereza aitwaye Albert, anampiga risasi yule simba. Egan hapo hapo anatudokeza kwamba tukio hilo litawafanya baadhi ya watalii hao, miaka mingi baadaye, watafutane kwa Google na Facebook. Watu wasio na uhusiano wowote wameunganishwa na meno ya mnyama.

Egan hapa anatumia kisengerembele, ile mbinu ya kuruka mbele ya wakati, kwa namna ambayo sijaiona kwa wengi. Morani mmoja wa miaka 19 anamtazama Charlie karibu na moto. Msimulizi anasimamisha ngoma na kutwambia, kwa sentensi chache tu, yatakayompata kijana huyo: miaka 35 ijayo, mwaka 2008, atakufa kwa moto katika machafuko. Atakuwa na wake wanne na wajukuu 63. Mmoja wa wajukuu hao, Joe, atarithi sime yake, atasoma Chuo Kikuu cha Columbia, atabuni kifaa cha kukagua makundi ya watu kwa ajili ya usalama, na atamwoa Mmarekani aitwaye Lulu. Sime ya babu itawekwa ndani ya sanduku la plastiki angavu katika nyumba yao ya Tribeca, New York. Kisha ngoma inaendelea, kana kwamba hakuna kilichosemwa.

Msomaji wa Kenya atakunja uso kidogo, na ana haki. Kitabu kinayaeleza machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 kama ugomvi wa Wakikuyu na Waluo, basi. Bonde la Ufa, palipoungua zaidi, halitajwi, wala hatuambiwi mzee wa Kisamburu alifikaje katikati ya moto huo. Mwandishi amekata kona. Anastahili kusomwa kwa makini, na anastahili pia kuambiwa hivyo.

Kwa wapenda tarehe: Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Bunduki ndani ya gari la Albert mwaka 1973 haikuwa kioja.

Turudi kwa jina Lulu. Linapotajwa mara ya kwanza, katika sura ya nne, halituambii kitu. Tunakuja kumwona sura ya nane akiwa mtoto wa miaka tisa, binti wa Dolly, mwanamke aliyewahi kuwa malkia wa matangazo jijini New York kabla hajaanguka. Sura ya 13 Lulu amekuwa mwanamke kijana, na anafanya kazi kwa nani? Kwa Bennie. Na Bennie alifundishwa kazi ya muziki na nani? Na Lou. Yaani mtalii na morani waliokaa moto mmoja mwaka 1973, wasiojua hata majina ya wenzao, nusu karne baadaye wanaunganishwa na ofisi moja ya New York. Hakuna mhusika yeyote ndani ya kitabu anayejua jambo hilo. Anayejua ni msomaji peke yake, na ni lazima awe amekumbuka jina moja lililopita haraka kurasa nyingi nyuma.

Je, wajua kwamba ndani ya sura ya nne kuna mhusika anayechora ramani ya wahusika wenzake? Ni Mindy, na elimu yake ya anthropolojia. Anaona kwamba Charlie, binti wa miaka 14 wa baba aliyeachana na wake wawili, hawezi kumvumilia mpenzi mpya wa baba, awe nani awe. Chuki hiyo ni ya nafasi aliyokalia. Rolph, mdogo, atampenda mgeni huyo kwa sababu hiyohiyo ya nafasi. Na yeye Mindy, mpenzi wa muda wa mwanamume mwenye mamlaka, atavutwa na mwanamume yeyote wa karibu anayeyadharau mamlaka hayo. Anatazama huku na huku, anamwona Albert. Nadharia ni safi kabisa, na haimsaidii hata kidogo.

Wataalamu nao huchora. Mwaka 2011 mhakiki Franco Moretti aligeuza tamthilia ya Hamlet kuwa mtandao: kila mhusika nukta, kila mazungumzo mstari. Kisha akafanya jambo la kitoto lenye akili nyingi: akamfuta Hamlet ili aone kinachobaki. Jaribu hivyo kwa Egan. Mfute Sasha: mjomba wake Ted, mume wake Drew, watoto wake, marehemu Rob, wote wanaelea upande mmoja wakitafuta pa kushika. Mfute Bennie: bendi ya 1979 inakatika na New York ya miaka ya 2020. Sasa mfute Joe, asiye na hata sentensi moja ya kusema katika sura yake. Hakuna kundi linalodondoka, lakini njia moja ndefu kutoka Samburu mpaka Manhattan inafungwa. Kwa hesabu ya mistari Joe ni mdogo. Kwa safari anayowezesha ni mkubwa kuliko wengi wanaozungumza kurasa 30.

Sasha ni mwizi. Haibi ili auze. Anaiba bisibisi ya fundi bomba, skafu ya mtoto, darubini, funguo za watu, na kuvipanga juu ya meza nyumbani kwake. Baada ya sura 11 tunamkuta jangwani California akiwa mama wa watoto wawili, anatengeneza sanamu kwa takataka na vitu vya kuchezea vilivyochakaa. Mkono ni uleule. Hakuna anayetuambia kwamba amepona, na hapana haja.

Je, wajua kwamba samaki ana sura yake? Scotty, yule yule aliyekuwa nyota wa bendi ya shule, sasa ni mtu anayevua samaki East River. Anamfunga mmoja katika gazeti, anapanda ghorofani kwa Bennie aliyetajirika, anamweka mezani. Zawadi, tishio au salamu? Scotty mwenyewe hajui vizuri. Katika sura ya mwisho anapanda jukwaani kucheza gitaa mbele ya umati mkubwa, na Bennie ndiye aliyempandisha.

Onyesho hilo linafanyika wapi? Pale yalipokuwa majengo pacha ya New York yaliyoangushwa Septemba 2001. Ndipo inapoanza ramani ya pili, ya dhamira, na hapa ndipo mikono yangu huwa mizito zaidi, kwa sababu uzi unaounganisha dhamira za kitabu hiki ni pengo. Mji wenye uwazi mahali palipokuwa na minara. Vitu vilivyotoweka mifukoni mwa watu na kuwekwa mezani kwa Sasha. Rob aliyezama. Rolph, yule mtoto wa safari, ambaye tunaambiwa atajiua akiwa na miaka 28. Miaka inayorukwa kati ya sura na sura, ambamo ndimo ndoa zinavunjika, watoto wanazaliwa na sauti zinapotea. Egan anaacha wazi, na msomaji anajaza.

Sura ya 12 inalisema jambo hilo waziwazi, tena kwa njia ambayo ingeweza kumfedhehesha mwandishi mwingine: imeandikwa yote kwa slaidi za PowerPoint. Ni shajara ya Alison, binti wa Sasha. Kaka yake Lincoln anapenda jambo moja tu, vile vituo vya kimya katikati ya nyimbo za roki, sekunde chache ambapo unadhani wimbo umekwisha kumbe haujaisha. Anavipima na kuvichorea grafu. Bernadette wa Four Tops umo, Young Americans wa David Bowie umo. Baba yake, Drew, haelewi kwa nini mtoto anahangaika na kimya. Mpaka mama analipuka na kumweleza: kituo kinakufanya uogope kwamba wimbo umefika mwisho, kisha wimbo unarudi, na siku moja kweli utakwisha. Na Drew huyu ni nani? Ni yule aliyekuwa na Rob mtoni siku ile. Slaidi hazina nafasi ya maneno mengi, na hilo linamfaa mtu ambaye hataki kulizungumza.

Egan, kwa maelezo yake, hakuwa amewahi kutumia PowerPoint kabla ya hapo.

Je, wajua kwamba sura ya tisa ni makala ya gazeti yenye tanbihi ndefu, na mwandishi wake yuko gerezani? Jules Jones alikwenda kumhoji mwigizaji wa miaka 19, Kitty Jackson, akaishia kumvamia katika bustani ya Central Park. Anaandika kwa ufasaha, kwa mzaha, kwa tanbihi za kisomi, na kila anavyozidi kuchekesha ndivyo unavyozidi kumwogopa. Sura moja nyuma tumemkuta Kitty akiwa na miaka 28, jina limechafuka, amekodishwa na Dolly ili apigwe picha na jenerali muuaji anayetaka kusafisha sura yake mbele ya dunia. Tumeona kwanza alivyobadilika kuwa mgumu, ndipo tukaonyeshwa siku iliyomgeuza. Dolly naye alianguka baada ya karamu ambapo sinia za mafuta alizoziamuru zitundikwe juu ya wageni ziliyeyuka na kuwaunguza watu mashuhuri wa mji.

Dada yake Jules ni Stephanie. Stephanie alikuwa mke wa Bennie na mfanyakazi wa Dolly. Mstari juu ya mstari.

Kuna pia Bosco, mpiga gitaa aliyekuwa moto, sasa mnene na mgonjwa, anayetaka ziara ya mwisho ambayo atafia jukwaani mbele ya kamera. Anamwomba Jules aandike habari hizo. Je, alikufa? Jibu limefichwa ndani ya slaidi moja ya mtoto Alison: kwenye rafu ya nyumbani kwao kuna kitabu cha Jules Jones kuhusu nyota aliyetaka kufa jukwaani, akapona, na sasa ana shamba la ng’ombe wa maziwa. Kitabu hicho kina picha ya Sasha. Ukipepesa jicho umeikosa.

Je, wajua kwamba mwaka 2010 Egan aliwaandika watu wanaolipwa kwa siri ili wajifanye mashabiki wa kweli, wakisambaza sifa za msanii kwa simu zao? Aliwaita kasuku. Alex, kijana wa sura ya 13, ana kazi ya kuwatafuta kasuku hao kati ya rafiki zake. Leo kazi hiyo inafanywa mchana kweupe na ina viwango vya malipo. Ndani ya sura hiyohiyo watoto wachanga wananunua muziki kwa kugusa skrini, na Alex na Lulu, wamekaa meza moja, wanaona ni rahisi zaidi kuandikiana ujumbe kuliko kusema.

Huyu Alex ndiye aliyekuwa na Sasha usiku ule wa sura ya kwanza. Sasa ana mke na mtoto, na anamkumbuka kwa tabu kubwa, jina halimjii vizuri. Yeye na Bennie wanakwenda kubonyeza kengele ya mlango wa nyumba aliyokuwa akiishi. Hayupo.

Haraka haraka, kwa wanaodhani Egan ndiye wa kwanza: Olive Kitteridge ya Elizabeth Strout, hadithi 13 zilizoshikana, ilitwaa Pulitzer mwaka 2009. William Faulkner mwaka 1936 alichapisha ramani ya wilaya yake ya kubuni mwishoni mwa Absalom, Absalom!, akaandika idadi ya wakazi wake, 15,611, na kujitaja kuwa mmiliki pekee. David Foster Wallace aliweka tanbihi 388 mwishoni mwa Infinite Jest mwaka 1996, na msomaji anahitaji vialamisho viwili ili asipotee. Egan mwenyewe hutaja baba wawili wa kitabu chake: Marcel Proust, na tamthilia ya televisheni The Sopranos, ambamo mtu wa pembeni wiki hii huwa kitovu cha mambo wiki ijayo.

Na wa pembeni hawajaisha. Mwaka 2012 jarida la New Yorker lilichapisha hadithi ya Egan kwenye Twitter, sentensi fupi kwa sentensi fupi, saa moja kila usiku kwa usiku kumi. Aliiandika kwanza kwa mkono katika daftari la Kijapani lenye visanduku vinane kila ukurasa. Ni ya mwanamke jasusi, na baadaye ikawa sura ya The Candy House ya mwaka 2022, ambapo jasusi huyo anatambuliwa kuwa Lulu. Mindy naye anarudi humo kwa jina la Miranda Kline, mwanaanthropolojia mashuhuri aliyegundua kanuni za nani atamwamini nani, kanuni ambazo kampuni za mtandao zinazichukua na kutajirika kwazo.

Mwenye kampuni kubwa kuliko zote humo ni Bix. Alikuwemo tangu 2010, katika sura ya Rob, kwa kurasa chache: mwanafunzi wa uhandisi wa umeme, mbele ya kompyuta, akiwaambia rafiki zake kwamba siku moja watu waliopoteana watakutana tena ndani ya mashine. Kama ramani yako haikumtia Bix, tafuta kifutio.